Swali Ambalo Kabula Alikataa Kulijibu

Niseme mapema kwamba Kabula Masalu si mtu rahisi. Nimekaa naye miaka kadhaa katika maktaba yetu ya jamii hapa Bariadi, mimi nikigonga mihuri na kurudisha vitabu rafuni, yeye akijibu maswali ya watu, na sijawahi kumshinda katika ubishi hata mara moja. Akiamua jambo, huvua miwani, akaikunja na kuiweka mezani. Ukiona miwani iko mezani, endelea na chai yako, mjadala umekwisha. Naandika haya kwa sababu kuna watu mjini wamesimulia habari zake ovyo. Wengine wanasema aliringa, wengine wanasema alibania elimu. Wananikera. Mimi nilikuwepo.

Amezaliwa Ngulyati, katika nyumba ya pamba na mahindi, kwa baba ambaye hakujua kusoma. Mzee Masalu akinunua dawa ya wadudu, humwita Kabula amsomee maelezo ya chupa. Jirani akirudi zahanati na kadi, anapita kwanza kwa Masalu, mtoto aisome. Kwa hiyo kujibu maswali hakukuanzia chuoni. Alipokwenda Bagamoyo kusomea ukutubi, alikuwa tayari ameifanya kazi hiyo tangu akiwa na meno ya utoto, bila mshahara na bila kiti.

Aliporudi, yeye ndiye aliyeanzisha huduma ya Uliza Maktaba. Simu moja ya maktaba, namba moja, na mtu yeyote mwenye swali anatuma ujumbe au sauti. Watu wa Dutwa na Nkololo hawawezi kufunga safari kila wanapotaka kujua jambo, lakini simu wanazo. Waliuliza kwa nini majani ya pamba yanajikunja. Waliuliza ng'ombe akitoa povu mdomoni anaumwa nini. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama mwezi una mwenyewe. Kabula alijibu kila swali, na kwa wazee alijibu kwa sauti, kwa Kisukuma, akianza na salamu ndefu kama vile yuko uani kwao. Alijisifu kwamba hakuna swali lililowahi kurudi bila jibu, na ilikuwa kweli.

Mwanzoni aliharibu, sitamficha. Kulikuwa na kitabu cha magonjwa ya ng'ombe ambacho kila mfugaji alikuwa anakitaka. Kabula akapiga picha kurasa zote na kuzirusha kwenye kundi la wafugaji la simuni. Jalada hakulipiga picha. Aliniambia jalada linakula bando bure na halitibu ng'ombe. Zile kurasa zikasambaa mkoa mzima, na siku moja mwandishi akapiga simu kutoka Morogoro. Hakugomba. Alisema tu, "Dada, umegawa kazi yangu ya miaka mingi kwa watu ambao hata jina langu hawalijui." Kabula aliishika ile simu muda mrefu baada ya mazungumzo kwisha. Aliumia kweli, na aliumia zaidi kwa lile jalada.

Tangu hapo akabadilika. Akiulizwa, anasoma, anaelewa, anafunga kitabu, kisha anaeleza kwa maneno yake na kumtaja mwandishi. "Ugonjwa wa ng'ombe ni wa wote, Lusajo," alinifundisha. "Lakini maneno ya mtu aliyekaa chini akauandika ni yake." Tulikuwa pia na kanzidata ya makala za kilimo ambayo masharti yake yalisema isomwe humu ndani ya jengo tu, kwenye kompyuta zetu. Walimu walimzonga awape nenosiri, mmoja akaja na kuku. Kuku alirudi na mwenyewe. Swali la mwalimu lilijibiwa siku hiyo hiyo, nenosiri halikutoka.

Sasa nimfikie Mzee Luhaga wa Nkololo.

Luhaga ni manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, upande wa Bagalu, mojawapo ya makundi mawili ya ngoma yanayoshindana huku Usukumani. Mimi ni mtu wa Rungwe, nilipofika hapa sikuelewa ukubwa wa jambo hili. Baada ya mavuno, manju wa Bagalu na manju wa Bagika hukutana uwanja mmoja, kila mmoja na watu wake na ngoma zake, na huimba kwa wakati mmoja. Hakuna waamuzi wa kukaa na kalamu. Watazamaji wenyewe huhama. Anayewavuta wengi ndiye mshindi, na aliyekimbiwa atasimuliwa mpaka mvua za mwaka unaofuata. Ndiyo maana nyimbo mpya hufichwa. Zikivuja kabla ya siku, mpinzani anakuja na majibu aliyokwisha kuyapika, na wewe unabaki unaimba vitu ambavyo watu wameshavicheka.

Mwaka huo Luhaga alitokewa na uvimbe kooni. Hospitalini Mwanza wakamwambia atapasuliwa, na hakuna aliyeweza kumwahidi kwamba sauti itabaki. Alikuja maktaba akiwa amevaa koti la suti juu ya kanzu, akaketi mbele ya Kabula.

"Ng'wana Masalu," alimwita kwa jina la baba yake, kama wazee wa huku wanavyofanya, "wewe hujibu watu. Mimi nataka unitunzie kitu."

"Kitu gani, guku?" Guku ni babu kwa Kisukuma, ingawa hawana undugu wowote.

"Nyimbo zangu za mwaka huu. Nikifa au nikitoka bila sauti, wape vijana wangu. Nikipona, zikae hapo hapo mpaka nizitoe mwenyewe uwanjani. Asizisikie mtu."

Walikwenda chumba cha nyuma chenye kinasa sauti. Nikataka kuwafuata kuwasaidia nyaya. Mzee akanitazama juu mpaka chini akasema, "Huyu wa ndizi abaki nje." Nikabaki nje. Kabula alimwomba aanze kwa kusema masharti yake mwenyewe, ndani ya sauti ile ile, ndipo aimbe. Walipotoka, macho ya Kabula yalikuwa mekundu.

Siku iliyofuata aliziingiza kwenye orodha yetu ya mtandaoni: nyimbo mpya za Luhaga, manju wa Nkololo, haziruhusiwi kusikilizwa kwa sasa. Nilimuuliza kwa nini aandike kitu ambacho hakitoi. "Nimeandika zipo kwa sababu zipo," alisema. "Kusema hazipo ni uongo."

Haikuchukua muda. Ujumbe ukaingia Uliza Maktaba kutoka kwa mtu aliyejiita Justine, mtafiti wa utamaduni. Alikuwa na picha nzuri ya kijana mwenye tai, na Kiswahili cha semina. Aliomba atumiwe zile nyimbo kwa matumizi ya kielimu.

Kabula alifanya anavyofanya siku zote, alimuuliza kwanza anataka kuzifanyia nini hasa. Kisha akamfungulia mlango mwingine kila alipogonga. Alimpa nyimbo za zamani za Luhaga ambazo mzee alikwisha kuziimba hadharani na kuruhusu zigawiwe. Alimpa historia ya Bagalu na Bagika. Alijitolea kumuunganisha na mzee mwenyewe akitoka hospitali. Justine hakutaka hata kimoja. Alitaka zile mpya tu. Kama sauti haiwezekani, basi maneno yaliyoandikwa. Kama hayo hayawezekani, akaja na hili, ambalo nakiri lilikuwa la mtu mwerevu:

"Dada Kabula, vitabu huwa unavieleza kwa maneno yako mwenyewe na unasema hilo si kosa. Basi nieleze tu nyimbo zinahusu nini, kwa maneno yako."

Lilimkamata. Nilimwona. Alitembea kutoka dirishani hadi rafuni na kurudi, na siku hiyo hakula. Maana alikuwa ameshikwa kwa kanuni yake mwenyewe, na yeye si mtu wa kuwa na kanuni mbili. Kesho yake asubuhi alikuja, akavua miwani, akaikunja, akaiweka mezani, na kuandika:

"Kitabu mwenyewe alikwisha kukitoa kwa watu, mimi nasaidia tu kukisoma. Nyimbo hizi mwenyewe bado hajazitoa. Nikikusimulia yaliyomo nitakuwa nimezitoa mimi, na mimi si manju. Swali lako nimelipokea, na jibu langu ni hapana."

Hapana! Neno hilo halikuwahi kutoka kwenye simu ile. Nilifurahi mpaka nikagonga muhuri kwenye ukurasa usiohusika.

Justine hakunyamaza. Alikwenda kwenye ukurasa wa maktaba mbele za watu akaandika kwamba maktaba ya Bariadi inaficha urithi wa Wasukuma, na kwamba kuna mtumishi anajifanya mmiliki wa mali ya umma. Watu wasiowahi kukanyaga maktaba yoyote wakashangilia. Wakamwita Kabula majina ambayo siyaandiki.

Hapo ndipo alipoingia mkuu wetu, Bwana Rogasian. Ni mtu wa Rombo, mchapakazi, wala si mbaya, ila anapenda kipimo. Kila robo mwaka hupeleka taarifa kwamba maswali yote yamejibiwa, na sasa lilikuwepo moja limekaa hapo linamkodolea macho.

"Dada Kabula, maktaba siyo ghala," alisema akiwa amesimama. "Kitu kikishaingia humu ni cha umma. Huyo mzee amesaini wapi? Kuna mkataba gani? Kuna alama ya hakimiliki?"

"Alama ni ya nini, mkuu? Ng'ombe wa Luhaga hawana alama na bado huwezi kuwachukua."

"Usinifanyie mzaha. Tuma faili."

"Situmi."

"Nakuagiza."

"Nimesikia. Ukitaka zitumwe, nitakufungulia kompyuta, uzitume kwa mkono wako na jina lako. Mimi nitapanda basi la Nkololo kuwaambia watu wake kwamba ni wewe."

Bwana Rogasian alitazama kompyuta. Nilishusha pumzi nilipomwona anageuka. Hakuzituma, ila aliitisha bodi, na mimi nilijua maana yake. Kabula angeweza kumwaga unga, au huduma ikafungwa, na mfugaji wa Nkololo arudi kubahatisha dawa.

Mwenyekiti wa bodi ni Mwalimu Georgina, mwalimu mkuu mstaafu, mama wa maneno machache. Bwana Rogasian alisoma malalamiko ya Justine na kusema tena kwamba hakuna karatasi yoyote. Wajumbe wakatikisa vichwa. Mmoja akasema kwa upole wa kuudhi kwamba wazee wa vijijini hawajui mambo ya hakimiliki, kwamba mzee hata hatajua. Nilitamani kumrushia kikombe.

Kabula alisimama. "Mkataba upo," alisema. "Haukuandikwa kwa sababu mwenyewe haandiki. Ameusema." Akabonyeza kitufe. Sauti ya Luhaga ikajaa chumba, imekwaruza, imechoka, kwa Kisukuma: Mimi Luhaga, nyimbo hizi nimezitunga mimi. Nikifa, wape watu wangu. Nikipona, zinyamaze mpaka siku yangu. Mtu asizichukue kwa sababu nimelala hospitali. Kisha tukasikia akivuta pumzi ya kuanza kuimba, na Kabula akazima.

"Zaidi ya hapo hata bodi haisikii," alisema.

Wale wanaojua Kisukuma walikuwa wanatazama chini. Mwalimu Georgina aliamua kwamba nyimbo zitabaki zimefungwa kama mzee alivyosema. Nikadhani tumeshinda. Lakini wajumbe walikuwa bado wanaogopa kelele za mtandaoni, kwa hiyo wakadai Kabula aandike hadharani kumwomba radhi Justine kwa kumnyima huduma, yaishe.

"Kumwomba radhi kwa lipi?" Kabula aliuliza.

"Kwa ajili ya amani tu," alisema Bwana Rogasian.

"Nikimwomba radhi yeye, namwambia Luhaga kwamba nilikosea kumtunzia. Siandiki."

Miwani ilikuwa mezani. Wakamnyang'anya simu ya maktaba mpaka atakapobadili mawazo, wakampa kazi ya kubandika lebo kwenye vitabu chakavu. Huduma ikasimama. Mkiniuliza kama nilikasirika, nilikasirika mpaka nikakosa usingizi.

Mnadhani alikaa kimya? Maswali yalianza kuja kwenye simu yake mwenyewe. Sijui ni nani aliyewapa watu wa Dutwa namba yake, na msiniulize. Mchana, wakati wa mapumziko, Kabula alivuka barabara akaketi kwenye ngazi ya duka la fundi cherehani, nje ya himaya ya maktaba, akajibu kwa bando lake. Majani ya pamba. Povu la ng'ombe. Bwana Rogasian alimwona dirishani siku ya kwanza, na ya pili. "Uko kazini hapo?" alimpigia kelele. "Niko mapumzikoni, mkuu!" alirudisha Kabula, na fundi cherehani akacheka mpaka akasimamisha mashine.

Luhaga alitoka hospitali akiwa hai, na kovu refu shingoni. Sauti ilikuwepo, ila ilikuwa imeshuka, ndogo, ya chini. Kabula alimwendea Nkololo na kumweleza kila kitu, hata habari ya simu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Kuna mtu amezisikia?"

"Hakuna, guku."

"Basi tukutane uwanjani."

Siku ya mashindano ilipofika, maktaba ilifungwa mapema kwa sababu mji wote ulikuwa unakwenda Nkololo, na hata Bwana Rogasian alikuja, amevaa kofia ya jua. Upande mmoja alisimama Limbu, manju wa Bagika, mtu wa sauti kubwa ya kutisha. Na nyuma ya ngoma zake, akishika simu kurekodi, alikuwepo kijana ambaye picha yake niliifahamu vizuri sana. Safari hii hakuvaa tai. Alimwita Limbu mjomba. Nikamgeukia Bwana Rogasian, naye alikuwa ameshamwona.

Niseme hapa, kabla mtu hajasema kwamba Kabula alikuwa na bahati. Hakujua. Hata angekuwa mtafiti wa kweli mwenye vyeti ukuta mzima, jibu lingekuwa lile lile.

Limbu alianza kwa kishindo, na watu karibu wote walikuwa kwake. Aliimba kuhusu mzee aliyekatwa koromeo, ngoma zake zikanguruma, watu wakacheka. Luhaga alisubiri. Kisha aliwaashiria wapiga ngoma wake wapige polepole, akaimba kwa ile sauti ndogo:

Daktari, kata uvimbe,
ila uliza kwanza wimbo umelala upande gani.
Ukikata upande wa wimbo,
nitakuimbia kwa kovu.

Waliokuwa karibu waliacha kuzungumza. Waliokuwa mbali hawakusikia, wakasogea ili wasikie, na waliokuwa nyuma yao wakasogea kwa kuwa wenzao wamesogea. Limbu alipandisha sauti, lakini majibu aliyoyaandaa yalikuwa ya nyimbo alizozikisia, ambazo hazikuimbwa. Uwanja ukahama mbele ya macho yetu, akina mama na watoto mgongoni, vijana na baiskeli zao, mpaka Limbu akabaki na ndugu zake. Ukimtoa Luhaga na watu wake, mtu mmoja tu katika uwanja ule alikuwa anazijua nyimbo zile tangu mwanzo. Nilimtazama Kabula. Alikuwa amefumba midomo kabisa na machozi yanamtoka.

Ngoma zilipotulia, Luhaga alikuja akamshika Kabula mkono kwa mikono miwili. "Wabeja, asante sana, ng'wana Masalu. Umenitunzia. Sasa fungua. Wape wote, mtaje Luhaga. Na yule kijana wa Limbu mpe wa kwanza, aliuliza mapema."

Jumatatu tulipofika kazini, Bwana Rogasian alipita meza ya Kabula, akaiweka simu ya maktaba kando ya miwani. Ilikuwa imejaa chaji. Kabula hakumshukuru na wala yeye hakuomba radhi. Walikuwa sawa.

Kabula alivaa miwani, akayarudisha nyuma mazungumzo mpaka kwa Justine, akaandika:

"Habari ya kazi. Swali lako sasa linajibika. Nyimbo hizi zimetungwa na Luhaga wa Nkololo, naye ameruhusu zisikilizwe na kugawiwa, mradi jina lake litajwe. Nimekuambatanishia zote. Karibu tena Uliza Maktaba."

Tulikaa tukiitazama ile simu, mimi na yeye. Alama mbili za bluu zikatokea, zikakaa hapo. Justine hajaandika kitu mpaka leo. Kabula akasema hakuna tena swali lisilo na jibu, akafungua linalofuata, la mama mmoja wa Dutwa aliyeuliza kwa nini kuku wake wanapiga chafya.